Aliyeanguka Arudipo Ulingoni

Kushindwa na aliye mkubwa kuliko wewe si aibu. Maji ya mto yakimshinda mtu nguvu, hakuna anayemcheka. Lakini kuna kushindwa kwa namna nyingine, ambako huingia moyoni kama mwiba na kukaa humo: kushindwa na mtu ambaye wewe mwenyewe, na rafiki zako, na hata adui zako, mlijua kwa yakini kwamba hawezi kukushinda. Hapo mtu hapotezi ushindi tu. Hupoteza picha aliyokuwa nayo ya nafsi yake, na asubuhi inayofuata huamka akiwa mgeni machoni pake mwenyewe.

Ndipo linapozuka swali ambalo nataka tulifikiri pamoja, ewe msomaji kijana. Mtu wa namna hiyo akipewa nafasi ya pili ya kusimama mbele ya yule yule aliyemwangusha, ana matumaini gani? Na kama yapo matumaini, hutoka wapi: katika hasira yake, katika nguvu zake, au katika jambo jingine?

Mimi ni mwalimu katika Kianjai, chini ya vilima vya Nyambene, na swali hili huja mlangoni pangu kila mwaka matokeo ya mtihani yatangazwapo. Lakini sitaanza na mtihani, kwa sababu mambo yaliyo karibu mno na macho hayaonekani vizuri. Nitaanza na mabondia wa uzito wa juu, kisha nitakurudisha darasani. Ulingoni hakuna pa kujificha: wawili husimama chini ya taa, na anayeanguka huanguka mbele ya watu wote.

Sisemi haya kwa nia ya kuusifu mchezo wa ngumi. Sisi Wakenya tunaujua utamu wake na uchungu wake. Robert Wangila alituletea nishani ya dhahabu kutoka Seoul mwaka 1988, naye akafa mwaka 1994 baada ya kuumia katika pambano huko Las Vegas. Mchezo wenye bei kama hiyo haufai kusifiwa kijinga. Lakini hata jambo la hatari laweza kuwa na somo, kama moto uunguzao unavyoweza pia kuangaza.

Tazama kwanza habari ya Joe Louis, Mmarekani mweusi, ambaye mwaka 1936 alikuwa kijana wa miaka 22 na hakuwa ameshindwa hata mara moja katika ngumi za malipo. Tarehe 19 Juni mwaka ule, katika mji wa New York, alikutana na Mjerumani Max Schmeling, aliyepata kuwa bingwa wa dunia na ambaye wengi walidhani siku zake zimepita. Louis hakujitayarisha kwa bidii. Gofu ilimpendeza kuliko mazoezi. Schmeling, kwa upande wake, alikuwa amekaa akizitazama filamu za mapambano ya Louis, akaona jambo moja dogo: kila Louis arushapo ngumi ya kushoto, mkono ule hurudi chini, na shavu hubaki wazi. Usiku ule aliingoja nafasi hiyo tena na tena kwa ngumi yake ya kulia. Katika raundi ya 12 Louis alilala chini akahesabiwa hadi kumi.

Mwaka uliofuata Louis alitwaa ubingwa wa dunia, lakini akasema hatajiona bingwa mpaka amshinde Schmeling. Walikutana tena tarehe 22 Juni 1938 katika uwanja ule ule, mbele ya watu wapatao 70,000. Mara hii Louis alikuja akiwa amejitayarisha, wala hakumpa mwenzake muda wa kungoja chochote. Pambano lilikwisha katika raundi ya kwanza, baada ya sekunde 124.

Watu wengi wakisikia habari hii husema, "Tazama nguvu ya hasira!" Nami nasema, tazama tena. Hasira Louis alikuwa nayo, bila shaka. Lakini hasira peke yake ingalimrudisha ulingoni akiwa mtu yule yule, na mkono ule ule wa kushoto ukirudi chini. Kilichobadilika ni kwamba sababu ya kuanguka kwake ilikuwa imejulikana. Alijua alipofunguka, akapafunga. Alijua alivyozembea, akaacha uzembe. Schmeling wa mwaka 1938 alikuja kutafuta mlango aliouacha wazi mwaka 1936, akakuta ukuta.

Habari ya pili ilitokea barani mwetu. Tarehe 22 Aprili 2001, huko Brakpan karibu na Johannesburg, Lennox Lewis wa Uingereza, bingwa wa dunia, alipigana na Hasim Rahman wa Marekani, ambaye wachache tu walimpa nafasi. Mahali pale pako juu sana kutoka usawa wa bahari, na sisi wa nchi za milima twajua jinsi mgeni wa tambarare anavyohema apandapo kwetu. Rahman alitangulia kufika ili mapafu yake yazoee. Lewis alichelewa, kwa kuwa alikuwa Las Vegas akiigiza katika filamu. Katika raundi ya tano bingwa aliangushwa kwa ngumi moja. Miezi saba haikuisha, tarehe 17 Novemba, wakakutana tena. Lewis alikuwa ameacha mambo ya sinema, akamshinda Rahman katika raundi ya nne.

Hata hivyo, usidhani kwamba katika marudiano aliyeshindwa peke yake ndiye mwenye mtihani. Aliyeshinda anao wake, na mara nyingi ni mgumu zaidi, kwa sababu hajui kwamba anatahiniwa. Tarehe 1 Juni 2019, New York, Anthony Joshua wa Uingereza aliangushwa mara nne na Andy Ruiz, mtu mnene aliyeitwa wiki chache tu kabla ya pambano kushika nafasi ya mwingine. Pambano likasimamishwa katika raundi ya saba, na dunia ikashangaa. Tarehe 7 Desemba mwaka ule ule walirudiana huko Diriyah, katika nchi ya Saudia. Walipopandishwa kwenye mizani, Joshua alikuwa amepungua ratili 10 hivi, na Ruiz alikuwa ameongezeka ratili 15. Mizani ilikuwa imekwisha kusema neno kabla ya kengele kulia. Joshua alishinda kwa pointi, na Ruiz mwenyewe akakiri kwamba sherehe zilimzidi na kwamba hakujitayarisha ipasavyo. Kushindwa kulimwambia Joshua, "Kuna jambo hulijui." Ushindi ulimwambia Ruiz, "Unajua yote." Kati ya walimu hawa wawili, ni yupi aliyesema kweli?

Nasi tuliyaona mambo haya nyumbani, ingawa si katika uzito wa juu. Desemba 2018, katika Nairobi, Fatuma Zarika wetu aliulinda ubingwa wake wa dunia kwa kumshinda Yamileth Mercado, msichana wa Mexico aliyekuwa mdogo wake kwa miaka mingi. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Lakini Mercado alirudi kwao na somo lake. Novemba 2019, katika mji wa Chihuahua, walikutana tena, na mkanda ukabaki Mexico. Sisemi kwamba Zarika alizembea, kwa maana hiyo si kweli niijuayo. Nasema tu kwamba aliyeshindwa huondoka na kitu mkononi ambacho mshindi hanacho: ameonyeshwa mahali anapopungukiwa.

Hapa msomaji mwenye akili atanizuia, naye atakuwa na haki. Atauliza, "Mwalimu, je, hii ni kanuni? Kila aliyeanguka akijifunza atasimama?" La, si kanuni, na mtu akikufundisha hivyo anakudanganya kwa wema. Tazama habari ya Floyd Patterson. Tarehe 26 Juni 1959 bingwa huyu wa Marekani aliangushwa mara saba katika raundi ya tatu na Ingemar Johansson wa Sweden. Aliona haya mno, akajifungia katika fikira, akajifunza. Tarehe 20 Juni 1960 alimwangusha Johansson katika raundi ya tano, akawa mtu wa kwanza katika historia kuurudisha ubingwa wa dunia wa uzito wa juu uliokwisha kumponyoka.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingefaa kuandikwa ukutani mwa shule. Lakini haikuishia hapo. Tarehe 25 Septemba 1962 Patterson alikutana na Sonny Liston, akashindwa katika raundi ya kwanza. Fedheha ile ilikuwa kubwa kiasi kwamba aliondoka amejificha nyuma ya ndevu za bandia. Kama mara ya kwanza, aliomba marudiano, na tarehe 22 Julai 1963 akayapata. Alishindwa tena katika raundi ile ile ya kwanza. Moyo ulikuwa ule ule, bidii ile ile, mtu yule yule. Lakini mara hii sababu ya kuanguka haikuwa kosa linaloweza kusahihishwa. Liston alikuwa mkubwa kuliko yeye na mwenye nguvu kuliko yeye, basi.

Kwa hiyo tupambanue. Kuna kuanguka kutokanako na kosa, na kuna kuanguka kutokanako na kipimo. Kosa laweza kurekebishwa, kipimo hukubaliwa. Mwenye kuchukulia kosa kuwa ni kipimo hukata tamaa bure, akaacha shamba ambalo lingalimpa mavuno. Mwenye kuchukulia kipimo kuwa ni kosa hurudi kupigwa mara ya pili pale pale alipopigwa mara ya kwanza. Wahenga walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Zamani nilidhani methali hii inafundisha adabu tu, yaani kumpa mkono aliyekushinda. Sasa naona inafundisha elimu pia. Kukubali kushindwa ni kuutazama mwanguko wako uso kwa uso na kuuliza, "Ni nini hasa kilichoniangusha?" Asiyekubali hawezi kuuliza, na asiyeuliza hajibiwi.

Ugumu wake ni kwamba moyo wa binadamu una visingizio vingi kuliko majani ya mti. Tarehe 30 Oktoba 1974, katika Kinshasa, George Foreman, bingwa wa miaka 25 ambaye alikuwa ameshinda mapambano yote 40 aliyopigana, alikutana na Muhammad Ali, mtu wa miaka 32. Wengi walimwogopea Ali hata kwa uhai wake. Ali aliegemea kamba, akajikinga, akamwacha kijana apige mpaka mikono imwishe nguvu. Katika raundi ya nane akamwangusha. Baadaye Foreman alitaja visababu: kamba zililegezwa, hesabu ilikwenda haraka, maji aliyopewa hayakuwa safi. Alitamani sana kurudiana na Ali, lakini marudiano hayo hayakuwapo kamwe. Mwaka 1977 aliacha ngumi, akawa mhubiri.

Miaka ikapita. Foreman akajua kusema yale ambayo kijana yule wa Kinshasa hakuweza kuyasema: kwamba Ali alimshinda kwa haki. Alirudi ulingoni mwaka 1987, mzito na mwenye kuchekwa, akipigana polepole kama mtu ajuaye kwamba nguvu huisha. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha bingwa Michael Moorer katika raundi ya kumi, akautwaa tena ubingwa alioupoteza miaka 20 nyuma. Usiku ule alivaa kaptura ile ile nyekundu aliyoivaa Kinshasa. Mpinzani hakuwa Ali. Lakini kaptura ile yatuambia kwamba Foreman alijua anarudiana na nini.

Basi sasa nakurudisha Kianjai, kama nilivyoahidi, na hapa sitasimulia sifa zangu.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwangu kijana mmoja, ambaye jina lake silitaji. Katika kidato cha nne alitazamiwa na wote kufaulu. Baba yake alikwisha kuwaambia majirani. Matokeo yalipotoka, kijana alikuwa ameanguka, na hesabu ndiyo iliyomvuta chini. Kwa majuma mengi alionekana ameketi katika vibaraza vya soko, kofia imefunika macho. Siku moja alikuja nyumbani, akasimama uani, akaniuliza, "Mwalimu, nirudie mtihani, au niache?"

Nilimjibu mara moja. Nilimwambia arudie, asikate tamaa, kwani mvumilivu hula mbivu. Nilisema maneno mazuri sana, na nilipomaliza nilijipendeza mwenyewe. Jambo moja sikulifanya: sikumwuliza ni nini kilichomwangusha. Baba yake aliuza ng'ombe dume kwa ajili ya karo. Kijana alisoma kwa mwaka mzima jinsi alivyosoma mwanzo, akikariri majibu usiku kucha, akapanda ulingoni na mkono ule ule wa kushoto ukiwa chini. Akaanguka mara ya pili.

Alipokuja tena, hakuuliza neno. Nami ndipo nilipouliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza mwaka uliotangulia. Alinyamaza sana, kisha akasema, akitazama chini, "Mwalimu, sijui sehemu. Tangu darasa la nne sijui. Niliona haya kusema." Kwa miaka yote ile alikuwa akiujenga ukuta juu ya shimo, na sisi walimu wake tulikuwa tukimsifu kwa mawe ya juu. Nilimshauri kwa ujasiri mtu ambaye sikumjua ugonjwa wake. Bei ya ushauri wangu ilikuwa ng'ombe wa mtu mwingine na mwaka wa mtu mwingine. Tangu siku ile simwambii mwanafunzi yeyote "jaribu tena" kabla ya kumwuliza "ulianguka wapi?"

Hakurudia mtihani ule mara ya tatu. Alichukua vitabu vya mdogo wake wa kike, akaanza na nusu na robo, bila haya tena, kwa kuwa aibu ilikuwa imekwisha kutumika yote. Kisha akaenda chuo cha ufundi kujifunza uashi. Mwaka juzi nilimwita anichimbie msingi wa jiko. Nilimtazama akipima kamba: futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha akahakikisha kwamba mshazari una futi 5 kamili, ili kona iwe mraba. Mshazari ulipungua kidogo. Nilimwambia, "Hiyo yatosha." Akatikisa kichwa, akang'oa kigingi, akapima upya. Sikumwambia neno, lakini nilijua kwamba nimeona marudiano, na nimemwona mshindi.

Ewe msomaji, siku moja nawe utaangushwa na jambo ulilodhani huwezi kuangushwa nalo. Litakuwa somo, au kazi, au urafiki, au ahadi uliyojiwekea mwenyewe. Watakuja wakubwa wenye maneno mazuri, kama mimi, nao watakuambia urudi upesi. Watakuja wengine wakuambie ukae chini, kwa kuwa hiyo ndiyo bahati yako. Usiwafuate hawa wala wale kabla hujajibu swali moja peke yako, usiku, pasipo mtu wa kumdanganya: ni nini hasa kilichoniangusha? Kama jibu ni kosa, lisahihishe kwanza, ndipo urudi. Matumaini yako ni makubwa kuliko ya yule aliyekushinda, kwa maana yeye hajafundishwa. Kama jibu ni kipimo chako, likubali bila kujidharau, ukatafute ulingo ambao kipimo hicho chafaa. Na kama jibu lako ni kamba zilizolegea na hesabu iliyokwenda haraka, basi ngoja kwanza. Bado hujajibu.